Ziara, mgeni darasani, wiki ya kazini au mradi: ipi imfae mwanafunzi wa sayansi Arusha na Moshi?

Shule nyingi za sekondari kati ya Ngaramtoni na Himo zikipata fungu dogo la kuwakutanisha wanafunzi na kazi za sayansi na teknolojia, fungu hilo huishia kwenye kukodi Coaster. Si vibaya. Lakini kabla ya kulipia gari, mwalimu wa taaluma na bodi waulizane swali moja: hawa wanafunzi wanakaribia kuamua nini? Jibu lake litawasaidia kuchagua njia kuliko bei ya mafuta au ukubwa wa kiwanda.

Mwanafunzi wetu hupita njia panda tatu. Ya kwanza ni mwisho wa kidato cha pili, ambapo wengi huacha Fizikia na Kemia kwa kuwa "ni ngumu", bila mtu kuwaeleza ni kazi zipi wanazipa kisogo siku hiyo. Kwa shule zilizoanza mkondo wa amali chini ya mtaala mpya, njia panda hii imesogea hadi kwenye kuingia kidato cha kwanza. Ya pili ni kujaza selform kidato cha nne: tahasusi ipi, au chuo kipi. Ya tatu ni ile miezi ya kukaa nyumbani baada ya mtihani wa Novemba hadi kidato cha tano kufunguliwa Julai.

Ziara ya siku moja

Ziara humwonyesha mtoto kwamba kazi fulani ipo duniani. Anayewajua daktari, rubani na "injinia" tu anakutana na mtu anayelipwa kuchunguza magonjwa ya nyanya, na mwingine anayechonga mguu bandia. Kwa sababu hiyo ziara ni mali ya kidato cha kwanza na cha pili. Kidato cha nne akipelekwa ziara mwezi Agosti amechelewa, kwani masomo aliyokwisha kuyaacha hayatarudi kwa kutazama mitambo.

Kwa upande wa Arusha, Tengeru ndiyo yenye faida zaidi kwa safari moja. Ndani ya kilomita chache kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia, kituo cha utafiti wa mboga cha World Vegetable Center na chuo cha mifugo cha LITA, kwa hiyo vituo viwili kwa siku vinawezekana bila kukimbizana. Arusha mjini kuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za serikali zinazobuni mitambo, na hapo mwanafunzi anaona kifaa kikianzia kwenye mchoro. Moshi kuna hospitali ya KCMC, na kando yake TATCOT, chuo kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia. Kazi ile, iwe umeiona pale au kwenye karakana nyingine yoyote ya viungo bandia, inastahili kusimamiwa kwa dakika 20 nzima. Kisiki cha mguu hufungwa bendeji ya plasta ili kupata umbo lake, plasta ikajazwa ndani ya umbo hilo, kisha ikachongwa pale panapoweza kubeba uzito na kuongezwa pale mfupa unapouma. Kisha bamba la plastiki ya polipropilini likilainika kwenye oveni hutandazwa juu yake, na pampu ikinyonya hewa linagandamana na umbo. Ndani ya chumba kimoja mna Baiolojia ya misuli, Kemia ya plastiki na Fizikia ya mkandamizo. Walimu wa masomo yote matatu waende, si mwalimu wa zamu peke yake.

Ziara nyingi huharibika kwa sababu zilezile. Wanafunzi 45 wakimfuata mwenyeji mmoja kwenye mtambo unaonguruma, wale wa nyuma hawasikii kitu. Wagawanye makundi ya 12 hadi 15 na uombe wenyeji wawili au watatu tangu kwenye barua. La pili ni mavazi: kiwanda cha vyakula au vinywaji hakimruhusu mtu kuingia na ndala, bangili wala nywele zilizo wazi, na anayezuiliwa getini hushinda kwenye gari. La tatu ni msimu. Viwanda vya sukari husaga miwa kwa msimu, na masika mitambo hufunguliwa kwa matengenezo. Walimu wengi hughairi wakiambiwa mtambo umesimama, na hapo tunadhani wanakosea. Anayetaka uhandisi mitambo ataona rola na giaboksi zikiwa wazi, na mafundi watakuwa na nafasi ya kueleza bila kupiga kelele.

Halafu kuna heshima. Watoto wetu wamelelewa kutomkatiza mkubwa anapozungumza, kwa hiyo mwenyeji akimaliza na kuuliza "kuna swali?", kimya. Kila mwanafunzi apande gari akiwa na swali moja lililoandikwa, na maswali yasifanane. "Kipimo gani kilikusumbua wiki hii?" huleta majibu kuliko "Ulisomea wapi?"

Mgeni anayekuja shuleni

Hii ndiyo nafuu kuliko zote na inalingana na ziara kwa kusudi: kuonyesha kwamba kazi ipo. Tofauti ni kwamba mgeni mmoja akipangwa vizuri huacha zaidi ya Coaster, na akipangwa vibaya hatoi kitu isipokuwa hotuba ya nidhamu na juhudi.

Kosa kubwa ni kumwalika bosi. Mkurugenzi ameacha kushika vifaa siku nyingi, na umri wake humfanya mwanafunzi aone safari ndefu isiyomhusu. Mwalike fundi sanifu wa miaka 25 au 28, aliyeacha kidato cha nne juzi tu na anayekumbuka alama zake. Hii pia inawafundisha ngazi ambazo shule huzisahau: fundi mchundo anayetokea VETA, fundi sanifu mwenye stashahada, na mhandisi mwenye shahada. Katika karakana nyingi mafundi wa ngazi mbili za kwanza ni wengi kuliko wahandisi, na ajira zao ndizo zilizo karibu zaidi na mwanafunzi wa kawaida.

Mpe mgeni dakika 40: kumi za kueleza, ishirini za vifaa mezani, kumi za maswali. Mwombe aje na kitu kibovu. Fundi wa vifaa tiba, kwa mfano, anaweza kuleta mashine ya presha ya mshale inayovuja. Wanafunzi wanafunga kitambaa chake kwenye chupa ngumu, wanapampu hadi 200, wanafunga vali na kutazama saa. Mshale ukishuka zaidi ya 4 kwa dakika moja, kuna uvujaji. Sasa ni wapi? Mfuko wa mpira, bomba, kiungio au vali? Wanapaka maji ya sabuni kwenye bomba na kiungio na kusubiri povu. Kama hakuna povu, wanakunja bomba kwa vidole karibu na mfuko: mshale ukitulia, mfuko ndio mbovu. Dakika 20 hizo zimefundisha namna fundi anavyofikiri, yaani kukata mfumo vipande na kukagua kimoja kimoja. Hakuna mgonjwa, hakuna hatari, na nauli yake ni ya mtu mmoja.

Shule yenye fedha ya Coaster moja na wanafunzi zaidi ya 100 wa kidato cha pili ingefanya vema kualika wageni wanne kwa mwaka kuliko kuwapeleka 28 mahali na kuwaacha wengine.

Wiki moja kazini

Hapa mambo yanabadilika. Mwanafunzi mmoja au wawili wanashinda na mtaalamu siku tano, likizo ya Juni, wakiwa kidato cha tatu. Hii inajibu njia panda ya pili: akifika kwenye selform mwaka unaofuata, anajua kama anaipenda kazi yenyewe au alipenda jina lake. Wapo wanaogundua siku ya pili kwamba hawaiwezi maabara ya kukaa kimya saa sita. Huo nao ni ushindi, maana wamegundua kabla ya kulipa ada ya chuo.

Mawazo ya wengi hukimbilia taasisi kubwa, lakini mwenyeji mzuri mara nyingi ni mdogo. Hospitali ina wajibu wa siri za wagonjwa na itasita kumwingiza mtoto wa miaka 16 maabara. Kampuni ya kufunga sola, duka la kompyuta linalofunga mitandao, mpima ardhi, gereji: hawa mnakubaliana kwa mazungumzo ya nusu saa. Na Arusha ina kitu ambacho mikoa mingi haina, nacho ni gereji za magari ya watalii. Land Cruiser inakatwa chesi na kurefushwa, inawekewa paa la kuinuka, friji, soketi za kuchajia na redio. Humo mna uchomeleaji, uchoraji wa kihandisi na umeme wa magari chini ya bati moja.

Tazama kazi moja ya mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenye gereji hiyo. Friji ya wati 60 imefungwa nyuma ya gari la volti 12, betri iko mbele, na waya una mita 5 kwenda na 5 kurudi. Dereva analalamika kwamba friji inajizima porini wakati betri bado ina nguvu. Mwanafunzi anajua tayari kwamba wati 60 kugawanya kwa volti 12 ni ampea 5. Fundi anampa ukinzani wa shaba, omu 0.0172 kwa mita moja ya waya wenye milimita mraba 1. Kwa waya wa milimita mraba 1.5 na jumla ya mita 10, ukinzani ni takribani omu 0.115, na volti inayopotea njiani ni 0.57. Kwa waya wa milimita mraba 4 inapotea 0.22 tu. Friji hizi zina kinga inayozima mashine volti ikishuka ili kuinusuru betri, na kinga hiyo inasoma volti inayofika kwenye friji, haiioni ile iliyoko kwenye betri. Waya mwembamba unaidanganya. Kisha anachukua mita, anapima betri na anapima nyuma friji ikiwa inanguruma, na tofauti inaonekana kwenye kioo. Ni sheria ya Ohm ileile aliyoikariri ubaoni, ila sasa kuna mteja anayesubiri gari.

Wiki hii huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutumwa chai na kufagia, siku tano zikaisha. Ya pili ni kukaa kwenye kiti akitazama. Dawa yake ni karatasi moja yenye mistari mitano, mmoja kwa siku, na kila mstari una kitu cha kupima, kuchora au kuhesabu, kikisainiwa na mwenyeji. Mwalimu aende kuwatembelea siku ya pili. Akienda siku ya tano atakuta kosa limeshakuwa historia.

Usalama haujadiliwi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi za hatari, na mwanafunzi si kibarua: hapewi lengo la uzalishaji wala zamu ya mtu asiyekuja. Asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, asiguse umeme wa gridi, asitazame uchomeleaji bila kinga ya macho. Barua iwe na saini ya mzazi, mkuu wa shule na mwenyeji, namba ya simu ya mtu mmoja wa dharura, na saa ya kuanza na kumaliza. Kwa wasichana hasa, mwenyeji atajwe kwa jina, wawekwe wawili wawili, na warudi nyumbani mapema kabla giza halijaingia.

Udhaifu wake ni idadi. Mwalimu mmoja anaweza kuwasimamia wanafunzi 8 hadi 10 kwa wiki, basi. Anayetaka kuwapeleka 60 atapata fomu 60 zilizosainiwa na mafunzo ya watu wachache.

Mradi wa shule wenye mlezi kutoka kazini

Kama tungelazimika kubaki na njia moja, tungebaki na hii. Wanafunzi 4 au 5, wiki 8, tatizo la mahali walipo, na mtaalamu anayekuja mara tatu tu: kulipanga swali, kukagua njia katikati, na kuhoji matokeo mwishoni. Inafaa kidato cha pili na cha tatu, haihitaji gari kila wiki, na inafika shule za vijijini ambako hakuna wenyeji wa wiki ya kazini.

Pande za Mlima Meru tatizo liko kwenye kikombe. Miamba ya volkano hutia floraidi kwenye chemchemi na visima vingi vya Arumeru, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wanaokunywa zaidi ya hapo wakati meno yanaundwa huota meno ya kahawia. Huko Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia inayojulikana ni kichujio cha mkaa wa mifupa. Mradi ni kutengeneza kichujio kidogo na kukipima.

Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni (waelezeni wazazi ni ya ng'ombe, maana kuna familia ambazo mfupa wa mnyama mwingine ni mwiko kwao) huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo kwa nyuzi 400 hadi 500. Ulio na rangi ya kahawia na harufu haujaiva na utatia maji ladha mbaya. Uliokuwa mweupe pee umepitiliza, na uwezo wake wa kushika floraidi umepungua. Husagwa ukawa chenga, ukachekechwa vumbi litoke, ukaoshwa, ukajazwa lita 2 kwenye bomba la plastiki. Maji yapite polepole, lita 4 kwa saa, ili yakae na mkaa kama nusu saa. Wanaofungua bomba likatiririka hulalamika kwamba kichujio hakifanyi kazi, kumbe maji hayakupewa muda.

Kipimo ndicho kinachomhitaji mlezi. Floraidi hupimwa kwa elektrodi maalumu ambayo shule haina, kwa hiyo muombe maabara ya mamlaka ya maji au ya chuo. Sampuli zichukuliwe kwenye chupa za plastiki zilizosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, zenye tarehe, saa na lita ngapi zilikuwa zimepita. Mlezi ataonyesha kwa nini kila sampuli inaongezewa bafa kabla ya kusomwa: alumini na chuma vilivyomo majini huishika floraidi, na elektrodi haioni iliyoshikwa, hivyo namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Atawafundisha pia hila ya watu wa maabara, yaani kupeleka maji yaleyale kwenye chupa mbili zenye namba tofauti. Majibu yakipishana sana, msiamini na hayo mengine.

Mwishoni wanachora grafu: lita zilizopita upande mmoja, floraidi inayotoka upande mwingine. Mstari unalala chini, kisha siku moja unaanza kupanda, na hapo mkaa umechoka. Maji hayo yasinywewe katika hatua yoyote ya mradi. Kazi ya namna hii inaweza kupelekwa kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania, ambayo hufanyika kila mwaka na kuwapa wanafunzi majaji wa kuwahoji kwa ukali wanaouhitaji.

Mradi hufa kwa swali kubwa mno ("kuondoa uchafuzi wa maji Arusha") na kwa mwalimu anayefanya kazi yenyewe mkaguzi akikaribia. Swali liwe na namba ndani yake, na daftari la vipimo liandikwe na wanafunzi kwa kalamu ya wino, makosa yakikatwa mstari mmoja yasomeke.

Miezi ya kusubiri: VETA au pre-form five?

Wazazi huuliza hili kila Desemba. Pre-form five, yaani masomo ya kujiandaa na kidato cha tano, inamfaa ambaye matokeo ya majaribio yanaonyesha wazi atachaguliwa PCM au PCB, na hata yeye miezi miwili inamtosha. Kwa mwingine, kozi fupi ya umeme, uchomeleaji au kompyuta VETA Moshi au kituo kingine kilichosajiliwa humpa ujuzi wa kujipatia kipato na uhakika wa anachokipenda. Anayelenga Chuo cha Ufundi Arusha ajue kwamba stashahada ni miaka mitatu kuanzia ngazi ya NTA 4, kwamba anahitaji ufaulu wa masomo angalau manne yasiyo ya dini pamoja na yale ambayo programu inayataja, na kwamba aliyeiacha Fizikia kidato cha tatu atakuta programu kadhaa za uhandisi zimemfungia mlango. Kabla ya kulipa popote, kagua usajili wa chuo na mwongozo wa udahili wa mwaka huo.

Kwa shule yako

Shule ya kata yenye wanafunzi wengi na fedha haba: wageni wanne kwa kidato cha pili, mradi mmoja kwa kidato cha tatu. Shule ya mjini Arusha au Moshi yenye mwalimu mmoja aliye tayari likizo: wiki ya kazini kwa wanafunzi 8, na ziara ya kidato cha kwanza Tengeru au KCMC. Shule ya bweni ambayo wanafunzi hutawanyika Juni haitaiweza wiki ya kazini kirahisi. Iitumie fedha hiyo kumleta mlezi wa mradi mara tatu na kumlipia nauli na chakula bila kusubiri adai.

Kuhusu barua: ya ziara ifike wiki nne kabla na nakala kwa afisa elimu sekondari, ya wiki ya Juni ifike kabla ya Pasaka, ikitaja idadi, kidato, umri, na mambo mawili ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyapima. Baada ya wiki tatu, mwenyeji atumiwe nakala ya kazi iliyofanywa na wanafunzi wenyewe, grafu au mchoro, pamoja na barua ya shukrani waliyoiandika kwa mkono.